Mwongozo kwa Mheshimiwa Anayetaka Kufunga Tovuti

Mheshimiwa, najua mezani kwako kuna karatasi inayosema kuna tovuti, au mtandao wa kijamii, unaochafua hali ya hewa, na kwamba uzimwe kabla jua halijazama. Waliokutangulia waliifanya kazi hii kwa kupiga simu moja kwa kampuni za mawasiliano, kisha wakanyamaza. Hawakukuachia maelekezo. Mwongozo huu ni wako, na sharti lake ni moja: zifuate hatua zote, usiruke hata moja. Ukifika mwisho na bado ukaona pa kufunga, funga.

Hauko peke yako katika kishawishi hiki. Mwaka 2024 shirika la Access Now na washirika wake walihesabu matukio 296 ya mtandao kukatwa au huduma zake kufungwa kwa makusudi, katika nchi 54. Nyuma ya kila tukio alikuwapo mtu mwenye cheo kama chako aliyekubali. Ninakuandikia wewe kabla hujakubali, kwa sababu baada ya hapo sitaweza kukufikia. Nitakuwa nje ya mtandao pamoja na wengine wote.

Muite mhandisi, mwache aongee

Usianze na mwanasheria wala na mtu wa usalama. Anza na kijana au binti anayejua mitambo, umkalishe kwenye kiti, umwagizie chai, umuulize: nikisema funga, ni nini hasa kinachofungwa? Atakuambia zipo njia kadhaa, na kila njia ina watu wake wa kuumiza.

Njia rahisi ni kuchezea majina. Kompyuta zinafahamiana kwa namba, lakini watu hukumbuka majina, kwa hiyo zipo seva ambazo kazi yake ni kupokea jina la tovuti na kurudisha namba yake. Mgeni akifika mtaani humuuliza mjumbe wa nyumba kumi nyumba ya fulani iko wapi. Wewe unachofanya ni kumwagiza mjumbe ajibu kwamba hamjui mtu huyo. Nyumba ipo palepale, taa zinawaka, wenyewe wamo ndani wanakula. Mgeni akipata mjumbe mwingine, anafika. Waturuki waligundua hilo ndani ya saa chache Machi 2014, serikali yao ilipofunga Twitter kwa njia hii. Watu walibadilisha mipangilio ya simu zao watumie seva ya majina ya Google, ambayo namba yake ni 8.8.8.8, na namba hiyo ikaandikwa kwa rangi kwenye kuta za Istanbul ili asiyejua ajue.

Basi utamwambia mhandisi afunge namba yenyewe. Mwambie akueleze kwanza habari za Australia. Mwaka 2013 chombo cha huko kinachosimamia masoko ya fedha, ASIC, kilitaka kufunga tovuti ya matapeli. Nia ilikuwa njema kabisa. Kikaagiza anwani moja ya IP, yaani namba ya namna hiyo, ifungwe. Lakini anwani moja inaweza kubeba tovuti nyingi zisizojuana, na siku hiyo zilitoweka tovuti zaidi ya 1,200, ikiwemo ya Melbourne Free University, waliokuwa wanafundisha watu bure. Kwa siku kadhaa wenye tovuti hawakujua wamekosa nini wala wamuulize nani. Urusi ilifanya makubwa zaidi Aprili 2018. Ilipoitafuta Telegram, ilifunga mamilioni ya anwani za Amazon na Google, zikaanguka huduma za watu wasiohusika kabisa, na Telegram ikaendelea kupatikana. Juni 2020 amri ile iliondolewa. Kufikia wakati huo ofisi za serikali zenyewe zilikuwa zinatumia Telegram kuwapa wananchi taarifa za korona.

Njia ya tatu ni mitambo inayochungulia mawasiliano yanapopita. Hii ni ya gharama, na kuna jambo moja mhandisi lazima akuambie wazi. Siku hizi karibu kila tovuti imefungiwa kwa usimbaji fiche, kwa hiyo mtambo unaona jina la tovuti tu, hauoni ukurasa. Huwezi kufunga makala mbili zilizokuudhi ukaziacha nyingine. Uturuki ilikasirishwa na makala chache za Wikipedia zilizoihusisha na makundi ya wapiganaji wa Syria. Tarehe 29 Aprili 2017 ikafunga Wikipedia yote, kwa lugha zote. Mwanafunzi aliyetafuta kanuni ya fizikia alifungiwa pamoja na aliyetafuta habari za Syria. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua Desemba 2019 kwamba haki ya kujieleza ilikiukwa, na Wikipedia ikafunguliwa Januari 15, 2020. Hebu fikiri darasa zima la sekondari lililokuwa kidato cha kwanza siku ya kufungwa, likasoma karibu miaka mitatu bila kamusi elezo ile.

Njia ya nne ni kuvuruga ramani za mtandao wenyewe, yaani kutangaza kwamba barabara ya kwenda kwenye tovuti fulani inapita kwako, kisha ukaiacha ikomee ukutani. Pakistan ilifanya hivyo Februari 24, 2008 ili raia wake wasiione YouTube. Tangazo lile lilivuka mpaka kupitia kampuni ya Hong Kong, mitambo ya nchi nyingine ikaliamini, na kwa takriban saa mbili YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia. Amri ya ofisi moja ya Islamabad ilimfungia mtu aliyekuwa London. Mhandisi wako akikosea mstari mmoja, na wewe utaandikwa katika vitabu hivyohivyo.

Sikuambii haya ili uone kwamba hakuna cha kufunga. Kipo. Picha za watoto wanaodhalilishwa hazina utetezi, na mtu anayezisambaza hana haki yoyote ninayoipigania hapa. Nakuambia kwamba hata huko uangalifu unahitajika. Februari 2011 maofisa wa Marekani walikuwa wanawasaka wasambazaji wa picha za aina hiyo, wakakamata jina la mooo.com. Chini ya jina hilo kulikuwa na tovuti 84,000 za watu binafsi na wafanyabiashara wadogo. Kwa siku kadhaa kila aliyefungua mojawapo alikuta bango la serikali linalozungumzia picha chafu za watoto. Jaribu kumweleza mteja wako, au mkweo, kwamba bango lile halikuhusu.

Kwa hiyo, kabla mhandisi hajaondoka, akuandikie kwenye karatasi: njia atakayoitumia, nani wengine watafungwa pamoja na mlengwa, na itachukua muda gani kurekebisha akikosea. Karatasi hiyo itunze. Utaihitaji baadaye.

Fungua Katiba, ibara ya 18

Sasa muite mwanasheria, lakini usimwombe akutafutie kifungu cha kukuruhusu. Atakipata. Vipo vingi katika sheria zetu za Tanzania. Kuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kuna Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zilizochukua nafasi ya zile za 2018. Kanuni zile za 2018 zilipotoka zilimtaka hata mwandishi wa blogu awe na leseni. Ada ya kuomba shilingi 100,000, ada ya leseni shilingi 1,000,000, na kila mwaka 1,000,000 nyingine. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi 12. Kijana wa Songea aliyekuwa anaandika habari za bei ya mahindi hakuhitaji kufungiwa na mhandisi yeyote. Alijifungia mwenyewe siku aliyosoma bei ile. JamiiForums, jukwaa ambalo Watanzania walilizoea kwa zaidi ya miaka kumi, nalo lilizima kwa muda Juni mwaka huo.

Muombe mwanasheria akusomee Katiba ya 1977, ibara ya 18, kwa sauti. Inasema mtu ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Inasema ana uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Halafu inasema jambo ambalo watu wengi hulisahau: ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Wakati wote, Mheshimiwa. Siku ya uchaguzi imo, na usiku wa vurugu pia umo.

Atakukumbusha kwamba haki zina mipaka, na ni kweli. Mwulize basi mipaka hiyo inapimwaje. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa mwaka 2019 azimio la misingi ya uhuru wa kujieleza na kupata habari Afrika, na msingi wa 38 unazitaka serikali zisifunge wala zisichuje habari za mtandaoni isipokuwa pale ambapo sheria na haki za binadamu zinaruhusu, na zisiwakatie mtandao wananchi au sehemu yao. Hayo yameandikwa na Waafrika kwa ajili ya Waafrika. Anayekuambia ni masharti ya wafadhili hajayasoma.

Halafu waulize walioshtakiwa. Nigeria ilifunga Twitter Juni 2021, baada ya kampuni hiyo kufuta andiko la Rais Buhari, na haikufungua hadi Januari 2022. Julai mwaka huo Mahakama ya ECOWAS ikasema kitendo kile kilikuwa kinyume cha sheria. Zambia ilizuia WhatsApp na mitandao mingine siku ya uchaguzi, Agosti 12, 2021. Kesho yake tu, shirika la Chapter One Foundation lilipokwenda Mahakama Kuu, amri ikatoka mtandao urudishwe. Kura zilikuwa bado zinahesabiwa. Naipenda sana habari ya Zambia, kwa sababu inaonyesha kwamba jaji anaweza kufanya kazi haraka sawasawa na waziri. Na Kenya, Mei 2025, Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kuizuia serikali isikate mtandao wakati kesi inaendelea. Ukitaka kufunga, nenda nawe mahakamani kabla ya kufunga, mwambie jaji sababu zako, na mwenye tovuti awepo ajibu.

Andika sababu, utie sahihi

Chukua kalamu. Andika kwa mkono wako: naifunga tovuti fulani kwa sababu hii. Kisha jina lako, cheo, tarehe. Karatasi hiyo itangazwe siku hiyohiyo.

Sababu iwe ile ya kweli. Rais Museveni alifunga Facebook Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi wa Uganda, na akajitokeza kwenye televisheni akasema wazi: Facebook imezifuta akaunti za wanaokiunga mkono chama chetu, nasi tunaifunga. Sikubaliani naye hata kidogo. Lakini raia aliyekuwa anamsikiliza angalau alijua nini kimetokea, nani kaamua, na ampinge kwa hoja gani.

Linganisha na yaliyotokea kwetu Mei 2025. Akaunti ya Jeshi la Polisi katika X (zamani Twitter) ilivamiwa, ikawekewa picha za ngono na uzushi kuhusu Rais. Saa chache baadaye X ikawa haifunguki nchini. Waziri mwenye dhamana baadaye akaeleza kwamba X inaruhusu picha za ngono, kinyume cha maadili na sheria zetu. Ni kweli kwamba inaziruhusu kwa watu wazima. Kampuni ilitangaza hivyo katikati ya 2024. Lakini kufungwa kulikuja usiku ule wa uvamizi, katika wiki ambayo kesi ya uhaini ya mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu ilikuwa imetajwa katika Mahakama ya Kisutu na watu walikuwa wanaifuatilia hukohuko X. Mwananchi akaachwa apime mwenyewe ipi ndiyo sababu. Sitaki uwaache watu katika kupima huko. Kama sababu ni picha chafu, andika picha chafu, na ueleze kwa nini umechukua hatua leo. Kama ni kesi, andika kesi. Kalamu ikikataa kuiandika, hilo nalo ni jibu, na unaweza kuirudisha ile karatasi ya mezani ilikotoka.

Hatua hii ina tanzu moja muhimu: usiusingizie mkongo. Mikongo ya baharini hukatika kweli. Mei 12, 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na kampuni za simu zikawatangazia wateja wao bila kuficha. Watu walilalamika, wakasubiri, maisha yakaendelea. Kisha Juni 24, 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikatoa taarifa kwamba haina nia yoyote ya kuzima mtandao. Kesho yake, vijana waliokuwa wanapinga Muswada wa Fedha walipoingia Bungeni Nairobi, mtandao ukayumba nchini humo na hata kwa majirani, na kampuni zikasema tatizo ni mikongo ya baharini. Huenda ilikuwa hivyo. Ubaya ni kwamba hakuna aliyeamini, na siku mkongo utakapokatika tena kweli, hakuna atakayeamini. Neno la serikali linapungua uzito kila linapotumika hivyo, na wewe utalihitaji neno hilo siku ya mafuriko au ya ugonjwa.

Nenda ukawaone unaowafungia

Hatua hii haifanyiki ofisini. Vaa viatu vya kutembelea.

Anzia Kariakoo. Mfanyabiashara wa pale anaagiza mzigo Guangzhou kwa kutumiana picha na sauti kwenye simu. Wakala wake akishindwa kumfikia kwa siku tatu, kontena linaondoka na bidhaa zisizo zake, au haliondoki kabisa. Panda ghorofa ya juu umwone binti anayeuza madera kwa Instagram na WhatsApp, asiye na fremu wala uwezo wa kulipa kilemba. Simu ndiyo duka lake. Muulize akikosa mauzo ya wiki moja nini kinatokea kwa kodi ya chumba. Usimwambie ni kwa usalama wa taifa mpaka amemaliza kujibu.

Toka hapo upitie kwa mwanafunzi anayejaza fomu ya mkopo wa HESLB. Fomu hiyo iko mtandaoni. Matokeo ya mitihani ya NECTA yako mtandaoni. Maombi ya kazi serikalini yanapita Ajira Portal. Kusajili kampuni BRELA ni mtandaoni, ritani za TRA ni mtandaoni, na tangu 2023 anayetaka kuiuzia serikali hata karatasi za ofisi lazima apite mfumo wa NeST. Ni serikali yenyewe iliyowahamishia watu huko, ikawaambia msije kupanga foleni, kila kitu kimo kwenye simu. Watu wakatii. Ukizima mtandao unakuwa umefunga milango ya ofisi zako mwenyewe, na umewafungia nje hasa wale waliokutii.

Kuna na wa mbali. Muscat kuna wajukuu wa Unguja na Pemba wanaowatumia mama zao ujumbe wa sauti kila Ijumaa kwa WhatsApp, kwa sababu simu ya kawaida ya kimataifa ni ghali. Siku mtandao unapokatika na habari za mitaani zinatisha, mtu yule wa Muscat hana njia ya kujua mama yu hai. Huyu hujamweka katika hesabu yoyote ya usalama. Mweke.

Na hapa lazima nitaje Oktoba 29, 2025. Ilikuwa siku ya uchaguzi. Maandamano yalizuka, mtandao ukakatwa nchi nzima, amri ya kutotoka nje ikawekwa Dar es Salaam. Mtandao ulianza kurudi Novemba 3, siku Rais alipoapishwa Dodoma, na polisi wakatuma ujumbe mfupi wa simu kuonya watu wasisambaze picha na video za kuleta taharuki. Katika siku hizo watu waliuawa. Ndugu walizunguka hospitalini na vituoni wakiulizia jina. Mahali ambapo tangazo la mtu aliyepotea lingesambaa kwa dakika kumi palikuwa kimya, na uvumi ukajaza nafasi, kila mtaa na idadi yake ya waliokufa. Wanaokata mtandao husema uzushi ni hatari. Uzushi ulistawi zaidi katika siku hizo kuliko siku yoyote ya mtandao wazi, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuusahihisha. Nikiruhusiwa kukuomba hatua moja tu katika mwongozo huu wote, ningeomba hii: kaa na familia moja iliyotafuta mtu wake wiki ile, usikilize hadi mwisho, usiangalie saa.

Kuhusu VPN

Hapa nitakwenda haraka, maana unajua tayari. Ukifunga tovuti, watu watapakua VPN, programu inayowatoa nje ya nchi kwa njia ya kificho na kuwarudisha. Uganda ilipoweka kodi ya shilingi 200 za huko kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, kuanzia Julai 1, 2018, watu wengi walikimbilia VPN badala ya kulipa. Kodi hiyo iliondolewa 2021, na mahali pake ikawekwa asilimia 12 kwenye bando za intaneti. Kwetu, Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitangaza kwamba anayetumia VPN ajiorodheshe kabla ya Oktoba 30, ataje na anwani yake ya IP. X ilipofungwa 2025, akaunti za taasisi kadhaa za serikali ziliendelea kuweka habari hukohuko X, na wasomaji walio nchini wakazifuata kwa VPN.

Swali lako hapa liwe: nani anabaki amefungiwa kweli? Mwandishi wa habari anajua VPN. Mwanafunzi wa chuo anajua. Mwanasiasa unayemlenga anajua kuliko wote. Anayebaki nje ni mkulima wa Mbozi mwenye simu ya zamani na bando la shilingi 500, ambaye VPN inammalizia data kabla ukurasa haujafunguka. Umefunga mlango kwa asiyekudhuru. Tena, katika hofu ya kuitafuta VPN ya bure, wengine wanapakua programu za wezi zinazochukua namba zao za siri, na hilo nalo liandike kwenye hesabu yako.

Usisahau jina la mwenye tovuti

Mwenye tovuti ni mtu. Desemba 2016 polisi walimkamata Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, kwa kuwa hakutoa taarifa za watumiaji wake walioandika habari za kampuni zilizotuhumiwa. Katika mashtaka yake likawemo la kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa jina la .tz. Kesi zile zilimpeleka mahakamani kwa miaka, mara baada ya mara. Septemba 2025, wiki chache kabla ya uchaguzi, TCRA ikasimamisha leseni ya jukwaa hilo kwa siku 90. Watu walioandika humo kuhusu zahanati isiyo na dawa, au daraja lililojengwa kwa nondo pungufu, walikuwa wanakufanyia kazi wewe, Mheshimiwa, bila mshahara. Kabla hujafunga, soma kurasa mia moja za tovuti unayotaka kuifunga. Wewe mwenyewe, si msaidizi wako, maana yeye atakuletea zile tatu zilizokutukana.

Taja siku ya kufungua

Amri yako iwe na tarehe ya mwisho, ya karibu, na ikifika tovuti ifunguke yenyewe bila mtu kukuomba. Facebook ya Uganda ilifungwa Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi wa siku moja, ikabaki imefungwa miaka iliyofuata. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilikata mtandao Desemba 31, 2018, siku moja baada ya kupiga kura, ukarudi baada ya siku karibu 20. Katika hali hizi zote hakukuwa na tarehe, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kudaiwa tarehe ilipopita. Ukitaka siku zaidi, rudi kwa jaji.

Siku ya kufungua, chapisha orodha. Iwe na kila jina la tovuti na kila anwani ya IP iliyofungwa kwa amri yako, siku ilipofungwa na ilipofunguliwa, kifungu cha sheria, jina la aliyeamuru, na zile ambazo mhandisi alizifunga kwa bahati mbaya. Weka pia ile karatasi yake uliyoitunza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi nafasi ya kukuomba haya, lakini usimsubiri aombe. Wape waliopoteza mauzo fomu ya kudai fidia, na utaje ofisi itakayoipokea na namba ya simu inayopokelewa. Nakala ya orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata, kwa ajili ya wasio na bando.